Heroe na Jogoo Ukingoni mwa Ziwa Singida

Mazungumzo haya yamewekwa ukingoni mwa Ziwa Singida, ambalo pamoja na Ziwa Kindai limepakana na mji wa Singida, na ambalo maji yake ni ya chumvi kwa sababu hakuna mto unaoyatoa, hivyo jua huyakausha na kuiacha chumvi nyuma. Wazungumzaji ni Heroe, ndege wa rangi ya waridi anayehamahama kutoka ziwa hadi ziwa, na Jogoo wa kienyeji aliyemo ndani ya tenga, yaani kizimba cha fito cha kusafirishia kuku, akisubiri bodaboda ya kumfikisha stendi.

HEROE: Lazima ikubalike, Mzee Jogoo, kwamba ufukwe huu haujapewa heshima unayostahili, maana una utulivu, una majabali ya kupendeza, na supu yake ya kijani, yaani vijimea vidogo mno ambavyo heroe huvichuja kwa mdomo uliopinda huku kichwa kikiwa kimepinduliwa, ndiyo inayoyapa manyoya rangi hii inayopigwa picha.

JOGOO: Karibu sana, Bibi mgeni. Hata hivyo, wenyeji hawayaiti matope haya ufukwe, kwa kuwa mvua hapa ni ya msimu mmoja tu, na anayetazama maji yasiyonyweka wala kufaa kumwagilia alizeti huona hasara badala ya mandhari.

HEROE: Huko ni kukosa maendeleo. Jamaa zake heroe, wale wakubwa, hupatikana hadi Ugiriki, ambako vijiji vya wavuvi hugeuzwa hoteli kila kiangazi, na mvuvi hujifunza kutabasamu.

JOGOO: Na kiangazi kikiisha?

HEROE: Mgeni huondoka, la sivyo angeitwa mwenyeji. Ziwa hili likikauka, heroe huruka usiku kuelekea Ziwa Eyasi au Ziwa Manyara, na akitaka kuzaa huenda Ziwa Natron, ambako magadi makali huwazuia maadui kuvifikia viota vya tope.

JOGOO: Kumbe Singida hupewa sifa, Natron hupewa watoto.

HEROE: Mbona Mzee naye yumo safarini? Tenga hilo si dalili ya likizo?

JOGOO: Safari ipo, tena ndefu: basi hupita Manyoni na Dodoma, takriban kilomita 700 hadi Dar es Salaam, kwenye bahari ya kweli, ambako kuku wa Singida anajulikana kuliko maziwa yote mawili ya nyumbani kwao. Tofauti ni kwamba watalii wengine huisoma menyu, ilhali kuku huandikwa ndani yake.

HEROE: Basi methali imetimia: mgeni njoo, mwenyeji apone.

JOGOO: Methali hiyo ni ya binadamu. Katika ukoo wa kuku, mgeni akipiga hodi, watoto huhesabiwa upya.

HEROE: Walau tiketi ya kurudi imekatwa?

JOGOO: Hata ya kwenda haijakatwa, Bibi, kwani kuku hulipiwa kama mzigo, na mzigo hauulizwi kama umeifurahia safari.