Tumbo Dogo kwa Bi Nyongeza

Msomaji mwenzangu unayeishi na mama mkwe, sogea karibu. Wengine mnaweza kusoma pia, ila najua mtacheka pasipochekwa.

Kwetu Tabata tupo watano. Yupo Mama Idrisa, mke wangu, mtu asiyepaza sauti na asiyeshindwa. Yupo Idrisa wa kidato cha tatu, tunamwita Profesa kwa sababu hana swali, ana majibu tu, yote ya simuni. Yupo mdogo wake, Karani, ambaye kila linalotokea humu ndani huliandika kwenye daftari la hesabu, na hesabu zenyewe haziandiki. Na yupo mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kukaa wiki mbili tu, amwone mjukuu aliyezaliwa. Mjukuu huyo ndiye Karani, na sasa yuko darasa la tano.

Mama mkwe mbele yake namwita mama, kwa adabu zote. Nyuma ya mlango ni Bi Nyongeza. Sahani haijawahi kutoka mkononi mwake bila upawa wa pili. Ukimaliza chakula, anakuongeza, maana hujashiba. Ukibakiza, anakuongeza pia, maana lazima unaumwa au umegombana na mwanawe, na yote mawili dawa yake ni wali wa nazi. Njia ya tatu mimi sijaiona, na nimeitafuta.

Kwa utaratibu huo nikafika kilo 138. Urefu wangu ni mita moja na sentimita sabini, na haukuongezwa na mtu. Kazini mimi ni mhasibu msaidizi, lakini wageni wakija ofisini wananipa mkono kabla ya mkurugenzi. Konda wa daladala alikuwa ananitoza siti mbili, na nikilalamika abiria wote wanakuwa upande wa konda. Dereva wa bajaji ananipanga katikati, nisiiangushe. Ndugu yangu, hakuna aliyeona kuwa huo ni ugonjwa. Kitambi cha mkwe kilikuwa sifa ya Bi Nyongeza hadi Tanga. Akipiga simu kwa dada zake anakitaja kabla ya wajukuu.

Aliyeharibu starehe ni Profesa. Alinirekodi nikikoroma ili awachekeshe wenzake shuleni, kisha akasikia mle kwenye simu koromo linakatika, kimya, kimya, halafu ninavuta pumzi kwa kishindo. Akasoma huko anakosoma, akamfuata mama yake. Kesho yake tukapima: sukari juu, presha juu.

Hapo akaingia Shemeji Majani. Huyu ni kaka wa mke wangu, anauza chai ya kusafisha tumbo kwenye vipakiti visivyo na maandishi. Nikainywa, maana shemeji hakataliwi. Nisiseme mengi kwa kuwa kuna watu wanakula wakisoma. Choo chetu ni kimoja, na wiki ile kilikuwa changu. Kilo mbili zilipungua, zikarudi siku niliyoanza kunywa maji vizuri, kwa sababu kilichokuwa kinatoka ni maji, si mafuta. Shemeji aliniambia majani hayana kosa, ni imani yangu ndogo.

Basi tukaenda kwa daktari wa upasuaji, mimi, mke wangu, na Karani na daftari lake. Daktari akamfundisha mtoto hesabu: gawanya kilo kwa urefu wa mita, jibu ligawe tena kwa urefu uleule. Karani akapata 47 na ushee. Akauliza mwisho ni ngapi. Daktari akasema kawaida inaishia 25, na tangu mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliweka mstari kwamba anayefika 40 anaweza kufikiriwa kwa upasuaji, au 35 kama ana maradhi yanayoletwa na unene. Mwaka 2022 wakaushusha mstari huo. Karani akaniangalia kwa huruma. Mimi nilikuwa nimepita mistari yote, ya zamani na mipya.

Njia zikawa tatu. Ya kwanza ni puto, ambalo hata hospitali ya Mloganzila wanaweka: linaingizwa kwa mdomo bila kisu, linajazwa maji ndani ya mfuko wa chakula, na baada ya miezi kadhaa linatolewa. Ya pili ni kuukata mfuko wenyewe, wanaondoa karibu robo tatu au zaidi, kinabaki kijimrija cha ukubwa wa ndizi. Ya tatu ni kutengeneza kifuko kidogo juu na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, chakula kipite njia ya mkato. Profesa alipopata habari hii akatupa na historia yake: ilianza 1966 huko Iowa na daktari aliyeitwa Edward Mason. Aliona wagonjwa wa vidonda waliokatwa tumbo wanapungua, akawaza.

Kikao cha familia kikafanyika Jumapili. Agenda: tumbo la Baba Idrisa. Chakula cha kikao: pilau. Ndiyo, tulijadili kulikata huku linajazwa.

Bi Nyongeza alianza na puto. "Na likipaa?" Akaelezwa kwamba lina maji, haliwezi kupaa. "Na likipasuka?" Profesa akajibu kwa furaha mbaya kwamba ndani yake huweka rangi ya buluu, likivuja unakojoa rangi hiyo, ndivyo unavyojua. Hapo Karani akapiga kura ya puto papo hapo. Shemeji Majani alipinga njia zote tatu, kwa maslahi ya biashara. Bi Nyongeza akasema kwao hakuna mtu aliyepelekwa hospitali kwa kushiba, akanitazama, akaniongeza nyama.

Bima yangu ilishakataa. Walisema ni urembo. Sijui ni mrembo gani walikuwa wanamfikiria. Hivyo gharama ilikuwa yetu, na hela iliyokuwepo ilikuwa ya kiwanja cha Chanika. Nikadhani hilo limeniokoa. Mama Idrisa, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Kiwanja kitasubiri, Baba Idrisa. Karani, mwambie baba ulichoniambia."

Karani akafungua daftari. Akasema usiku nikikoroma halafu nikanyamaza, yeye chumbani kwake huwa anahesabu. Akifika ishirini anakuja kumwamsha mama.

Nilikubali kukatwa. Njia ya pili, ya ndizi. Puto ni la muda, na mimi najua ninakaa na nani.

Kabla ya upasuaji, wiki mbili unanyimwa wanga na mafuta ili ini lisinyae. Ini la mtu mnene hujaa mafuta, linakaa juu ya mfuko wa chakula na kumzuia daktari kuona. Wiki mbili hizo zilikutana na harusi ya binti wa Shemeji Majani. Biriani, sambusa, juisi ya ukwaju. Mimi nimekaa meza ya wakubwa na mayai ya kuchemsha mfukoni mwa kanzu, Karani pembeni akinikabidhi moja moja. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi akamnong'oneza mwenzake kwamba nina kiapo cha mganga. Sikukanusha. Angalau mganga anaheshimika harusini. Daktari wa lishe angeonekana mchawi.

Upasuaji wenyewe ni matundu madogo tumboni, kamera inaingia, vifaa vinaingia, kipande kinatolewa. Tumbo hupulizwa gesi ili wapate nafasi ya kufanya kazi, na ile gesi ukizinduka inauma begani, jambo ambalo nilimweleza nesi mara nyingi nikidhani wamekosea kiungo. Jioni ileile wakanisimamisha nitembee, damu isigande miguuni. Nikageuka kwenye korido, nani namwona? Bi Nyongeza, na hotipoti ya ghorofa tatu: supu ya kuku wa kienyeji, chapati, na bada na samaki. Nesi akamweleza kwamba ninaruhusiwa maji tu, tena kwa kikombe cha dawa cha mililita thelathini. Mama mkwe akakitazama kile kikombe. Akauliza kwa upole kama hospitali imeishiwa vyombo, aende nyumbani akavilete.

Majuma mawili ya kwanza ni maji maji tu. Yanayofuata ni vyakula vya kusaga. Kwetu blenda ni moja, na kila kilichopikwa kikapita mle: samaki, maharage, kuku. Juisi ya parachichi ya Profesa ikaanza kunuka kitunguu saumu. Akaandika malalamiko rasmi, Karani akayapokea, mama yao akayafuta.

Lakini hayo yote ni madogo. Msiba ni chai. Aliyekatwa tumbo hanywi huku anakula. Unakula, unasubiri nusu saa, ndipo unakunywa. Sasa niambie wewe, Mswahili umekaa barazani asubuhi, mbele yako chai ya tangawizi na kitumbua, na unaambiwa uchague. Ukinywa chai, kitumbua kinapoa. Ukila kitumbua, chai inapoa, na kitumbua chenyewe kinakaba kwa kukosa wa kukisukuma. Unakaa umetazama saa, wenzako wanachovya. Sijawahi kusikia mahubiri wala mawaidha juu ya subira yanayofikia ile nusu saa. Njaa hainisumbui, niseme kweli; daktari alieleza kuwa sehemu ya juu ya mfuko ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni ya njaa, na ndiyo waliyoitupa. Kinachouma ni kukaa mezani bila kazi.

Ugali ukiumeza upesi unakwama hapa, chini ya kifua, mate yanajaa mdomoni, unatoka nje kwa heshima. Nyama kavu vivyo hivyo. Unaanza na protini, yai au dagaa au samaki, unatafuna mpaka kimekuwa uji, wanga baadaye kama nafasi ipo, na nafasi haipo. Karani ananihesabia kutafuna. Na ishara yangu ya kushiba ni chafya. Wengine hupata kwikwi, wengine pua hutiririka. Mimi chafya moja, basi, sahani imefungwa. Watoto walishaigundua. Nikipiga chafya wanasema "Yarhamukallah" kwa sauti moja, na mikono ipo tayari kwenye nyama yangu. Nimewahi kukohoa tu wakachukua paja.

Nje ya nyumba nako ni kesi. Mama lishe wa pale karibu na ofisi alinisimamisha barabarani, macho mekundu, akataka kujua nimehamia kwa nani. Miaka nilikuwa mtu wake wa sahani mbili. Nikamwambia tumbo limekatwa, akasema huo ni uongo wa wanaume wote. Fundi wangu amepunguza suruali moja mara nyingi hadi mifuko ya nyuma imekutana. Pete ya ndoa ilidondoka kwenye ndoo ya maji ya kuoga nisijue, na siku nzima nilitembea bila pete. Yaliyofuata ni siri ya ndoa. Nywele nazo, zile chache nilizokuwa nazitunza, zilianza kutoka mwezi wa nne, na daktari akasema zitarudi. Zimerudi, lakini si zote zilizosafiri.

Mtaani walishatoa hukumu. Mtu akipungua ghafla kwetu, ama anaumwa ule ugonjwa, ama anadaiwa, ama mke anamnyima. Nikiwa na vidonge vyangu vya vitamini, chuma na kalsiamu, vya kumeza maisha yote, hukumu ya kwanza ikapata ushahidi. Ya tatu ikamwangukia mtoto wa Bi Nyongeza, na hilo mama hakulivumilia. Akawa anawaita majirani barazani kuwaonesha matundu ya tumbo langu. Nimefunuliwa shati mbele ya mjumbe wa mtaa.

Usiku koromo limekwisha. Ungedhani Mama Idrisa sasa analala. Halali. Ukimya unamtisha, ananitikisa. "Baba Idrisa, upo?" Nipo, nalala tena, ananitikisa tena. Karani ndiye pekee aliyepata usingizi katika nyumba ile.

Baada ya mwaka na nusu nilikuwa kilo 94. Sukari imeshuka, vidonge vya presha vimebaki kimoja. Kisha mizani ikasimama, kisha ikapanda: 95, 96, 97. Daktari hakushangaa. Aliniuliza ninakula nini kilaini. Maana kijimrija kile hukataa nyama na ugali, ila sukari inayoyeyuka hupita bila kupiga hodi: soda, aiskrimu, halua. Nikakumbuka kwamba kwa miezi kadhaa, kila nikirudi kazini, mezani kuna kisahani kidogo kimefunikwa kwa kawa. Halua. Tende. Kashata za nazi. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyepakua. Bi Nyongeza alishalisoma tumbo jipya, akalipatia mlango wake.

Nilimwomba aache, kwa adabu, nikiwa nimepiga goti. "Mwanangu," akasema, "hiyo si chakula, ni ya kutoa ukakasi mdomoni."

Kwa hiyo wewe unayefikiria jambo hili, lifikirie, lina faida zake, na mimi nisingelirudisha lile tumbo hata kwa kiwanja cha Chanika. Ila siku ya kwenda kuelezwa masharti usiende na mkeo peke yake. Mchukue anayepakua chakula nyumbani kwako, mkalishe mbele ya daktari, ayakubali masharti kwa mdomo wake. Mimi wa kwangu nilimpeleka mwezi uliopita. Alisikiliza yote, akamshukuru daktari, akamwambia amekonda mno.