Ngeli za Fundi wa Dashibodi: Uainishaji wa Awali kutoka Handeni na Korogwe

Wanasarufi wa Kiswahili wana kambi mbili katika suala la ngeli. Kambi ya kwanza hutazama kiambishi: neno likianza na ki-, limekwenda KI-VI, hakuna rufaa. Kambi ya pili hutazama upatanisho: kijana, hata akivaa ki- ya namna gani, anakuja, hakiji. Kwa muda mrefu wanaojifungia redio za magari wenyewe, uani, chini ya mwembe, wameainishwa kwa njia ya kambi ya kwanza, yaani kwa kutazama walichoshika mkononi. Mwenye testa ni fundi, mwenye kisu cha jikoni ni mharibifu. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Kuna wenye testa wanaounguza fyuzi moja baada ya nyingine, na kuna wenye visu wanaosikiliza taarifa ya habari bila mkwaruzo. Kigezo tunachopendekeza ni upatanisho: waya upi unakubaliana na upi, na nini kinabaki mkononi mwa mtu kazi ikiisha.

Eneo la utafiti lina sifa zake. Korogwe imekaa chini ya Milima ya Usambara, kando ya Mto Pangani, pale inapopita barabara ya kutoka Segera kwenda Moshi. Handeni iko kusini-magharibi yake, lami ya kilomita 65 hivi, kupanda na kushuka. Mawimbi ya FM huenda kwa mstari ulionyooka, na kilima kikisimama katikati, stesheni inakata. Familia inayotoka sokoni Manundu kurudi Handeni hupata mkwaruzo, nusu ya wimbo, mkwaruzo tena, kisha mahubiri yaliyokwisha kufika katikati. Asiyejua jiografia hulaumu redio. Ndiyo sababu dashibodi nyingi za huku zimewahi kufunguliwa.

Ngeli ya kwanza ni ya Mvumilivu. Magari mengi ya familia katika barabara hii, RAV4, Harrier, Kluger, Vanguard, yalitembea Japani kwanza. Huko FM ilitengewa megahezi 76 hadi 90, kwa sababu kuanzia 90 hadi 108 zilikaa chaneli tatu za kwanza za televisheni ya analojia. Televisheni hiyo ilizimwa karibu nchi nzima Julai 2011, na mwishoni mwa 2014 Wajapani wakaanza kupanda hadi 95. Sisi FM yetu inaanzia 87.5 na kuishia 108. Kwa hiyo redio ya zamani ya kiwandani na anga la Tanga vinakutana kwenye megahezi mbili na nusu tu. Mvumilivu husikiliza chochote kinachopita katika upenyo huo, hata kama ni stesheni asiyoipenda, na mwaka ukiisha anaanza kuitetea mbele za watu. Walio wajuzi katika ngeli hii hugeuza kitufe kwenda AM, ambako Japani na Tanzania hupanga stesheni kwa hatua ileile ya kilohezi 9 na redio haina ugeni wowote. Mkononi hakibaki kitu, maana hakuna kilichofunguliwa.

Ngeli ya pili ni ya Mwenye Ekspanda. Ekspanda ni kijiboksi kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio, kikapewa volti 12. Kazi yake ni kutoa, na hapa hatusemi kutoa sauti, tunasema kutoa kwa maana ya darasa la pili. Kikiwa cha megahezi 16, stesheni ya 100.0 utaikuta 84.0, na ya 104.5 utaikuta 88.5. Kikiwa cha 14, hiyo ya 104.5 inaangukia 90.5, nusu megahezi nje ya redio, na mwenye gari anakuwa amelipa fedha taslimu ili asiisikie stesheni aliyoitaka. Cha 16 nacho kina zile kinazoziacha: stesheni ya 91 inashuka hadi 75, ambako redio haifiki. Muuzaji akiulizwa kijiboksi ni cha ngapi hujibu kwamba ni kizuri.

Ngeli hii inajulikana kwa karatasi iliyobandikwa kwenye kizuia jua cha dereva, safu mbili za namba, za kweli upande mmoja na za kioo cha redio upande wa pili. Watoto wake wanajua kutoa kabla ya kujua kusoma. Kasoro yake kubwa hujitokeza karibu na mnara: mawimbi yakiwa na nguvu na kijiboksi kikiwa hafifu, stesheni halisi ya 88.5 na ile ya 104.5 iliyoshushwa hukalia kiti kimoja, kaswida na bongofleva pamoja, na hakuna anayekubali kushuka. Kuhusu upatanisho, ekspanda nyingi zina waya mmoja tu wa umeme, mwekundu. Ardhi huipata kupitia ganda la antena. Mgeni katika ngeli hii hutafuta waya mweusi mpaka adhuhuri, kisha anamshutumu mtoto aliyekuwa anacheza karibu.

Ngeli ya tatu, ya Mng'oaji, ndiyo iliyotufanya tuandike. Huyu amenunua redio mpya, kioo kipana, Bluetooth, tundu la flashi, na anaamini kwamba mtu aliyefunga taa za nyumba yake mwenyewe hashindwi na gari. Hapa ndipo nadharia ya kambi ya kwanza inapoungua, na harufu inafika jikoni.

Redio za dukani kwa kawaida zina mpango wake wa rangi. Njano ni umeme wa kudumu wa betri, nyekundu ni ule unaokuja ufunguo ukizungushwa, nyeusi ni ardhi. Spika ni nyeupe, kijivu, kijani na zambarau, kila mmoja na pacha wake mwenye mstari mweusi. Toyota nayo ina mpango wake: ardhi ni kahawia, betri ni bluu yenye mstari wa njano, na wa ufunguo ni kijivu. Mwanazuoni wa viambishi, akiona kijivu huku na kijivu kule, anaviunganisha kwa furaha. Amepeleka volti 12 kwenye mdomo wa spika ya mbele kulia. Kijivu cha Toyota ni kijana: kimevaa ki-, lakini kinapatana na wengine kabisa. Dawa ni kununua soketi ya kuunganishia, ambayo ni rahisi kuliko redio, ila Mng'oaji huiona kama kukubali kushindwa.

Vijingeli vipo. Yupo aliyebadilishana njano na nyekundu, ambaye redio yake husahau stesheni zote kila gari likizimwa. Yupo aliyezifunga zote mbili kwenye betri, ambaye asubuhi hana gari, na gari la otomatiki halisukumwi likawaka. Yupo aliyeunganisha hasi za spika zote kwenye bodi ili kuokoa waya, akaokoa waya na kupoteza redio. Na yupo anayefunga fyuzi kwa karatasi ya sigara. Kwa huyu tunaacha mzaha. Fyuzi ya ampea 15 iliwekwa ili iungue yenyewe; karatasi haiungui, kinachoungua ni waya nyuma ya dashibodi, kisha dashibodi, na watoto wako kiti cha nyuma.

Vipimo navyo vina neno. Toyota huacha mdomo wa milimita 200, redio nyingi za kununua zina 178, kwa hiyo zinabaki milimita 11 kila upande. Vipo vipande vya plastiki vya kuziba. Katika eneo la utafiti tumeona pia sponji ya godoro, kandambili iliyokatwa kwa ustadi, na tiketi za basi zilizokunjwa. Mwishoni kunabaki skrubu. Mama mwenye nyumba anauliza, "Baba Neema, hizi nazo za wapi?" Baba Neema anajibu kwamba Wajapani huweka za ziada, na zinakwenda kwenye kopo la Blue Band pamoja na zile za kabati.

Haki itendeke: wengi wa ngeli hii hawakuichagua. Redio nyingi za Toyota zenye ramani hujifunga zikikosa umeme, kisha zinadai kadi ya ramani na namba ya siri, kwa Kijapani. Kadi haijulikani kama ilibaki Yokohama au ilishukia bandarini Dar es Salaam. Mtu alibadilisha betri tu, akajikuta Mng'oaji.

Ngeli ya nne, ya Mtafuta Anga, iko hatarini kutoweka. Kiongozi wake wa kiroho ni Noah Samara, mwanasheria mzaliwa wa Ethiopia, aliyeanzisha kampuni ya redio ya setelaiti ya WorldSpace mwaka 1990. Jina lake la kwanza, kwa bahati tu, ni lile la gari ambalo abiria wengi wa Handeni wamebanana ndani yake. Setelaiti yake, AfriStar, ilirushwa kwa roketi ya Ariane tarehe 28 Oktoba 1998 na kukaa juu ya ikweta, nyuzi 21 mashariki. Kutoka Handeni ungeitafuta magharibi, karibu nyuzi 70 kutoka upeo wa macho, juu kiasi kwamba hata Usambara isingeizuia. Ilikuwa jibu kamili kwa barabara yetu. Kampuni iliomba kinga ya mufilisi Oktoba 2008 na haikuinuka.

Kilichobaki ni kitufe. Gari lililotoka Marekani huweza kuwa na neno SAT kwenye redio, la huduma kama XM iliyoanza huko 2001, na setelaiti zake huitazama Amerika ya Kaskazini. Mtafuta Anga hukibonyeza kila Ijumaa. Hatujapata moyo wa kumwambia kwamba minara ya mikoani huweza kupokea matangazo ya Dar es Salaam kwa setelaiti, kwa hiyo redio ya setelaiti anayo siku zote, ila inapitia mnarani kwanza.

Anabaki mmoja aliyeshinda ngeli zote nne: mwanamke wa Kijapani anayesema gari likiwashwa. Anaarifu kwamba kadi ya kulipia barabara ya haraka haijachomekwa. Mng'oaji huamini kwamba redio ikitoka naye ataondoka, lakini yeye anaishi kwenye kijiboksi chake, na mara nyingi ana spika yake mwenyewe, chini ya usukani. Kumnyamazisha ni rahisi, unachomoa soketi moja. Tatizo ni upatanisho: katika magari kadhaa tuliyoyakagua, waya wake umeunganishwa na ule wa tundu la kuwashia sigara, na tundu hilo ndilo linalochaji simu ya Mama Neema.