Ndizi Bila Mkanda

Desemba ikifika, Wachaga wa Dar es Salaam wanarudi nyumbani na barabara ya Moshi–Arusha inageuka maonyesho ya magari. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni simu wanazokuja nazo. Zamani mtu alifika Kwa Sadala na gari bovu, mkalisukuma hadi kwa fundi, yakaisha. Siku hizi gari linafika zima, linalala, linaamka linaumwa, na mwenye nalo anaapa hajaligusa hata kwa spana.

Shemeji yangu ni wa kundi hilo. Mwaka huu kaja na kigari cha Kijapani, akakilaza uani kwangu kwa kuwa kwao Masama migomba imefika hadi getini. Ukikiwasha tu, sauti ya mwanamke inakwambia kwa Kijapani kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara. Ni barabara za kulipia za huko kwao Japani. Sisi kutoka hapa kupanda Masama hatujawahi kudaiwa kitu zaidi ya lifti. Mama yule nilishamzoea, akisema namwitikia marahaba. Wala si yeye aliyemkera shemeji.

Kilichomkera ni ndizi. Tulitoka sokoni na mama mkwe, buti limejaa, mkungu wa mshare ukawekwa kiti cha mbele. Kiti kile kina sensa ya uzito. Gari likaamua kwamba mkungu ni abiria, tena abiria mkaidi asiyefunga mkanda, likaanza kulia ti-ti-ti. Mama mkwe hajawahi kushika usukani maishani mwake, lakini dawa aliitoa palepale kiti cha nyuma: "Mwanangu, si uifunge mkanda hiyo ndizi?" Shemeji akacheka. Mtu aliyesoma hafungi ndizi mkanda.

Usiku akatoa kidude kidogo alichonunua Kariakoo, akakichomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Soketi ile ina matundu 16 na utaikuta karibu kwenye kila gari la kisasa. Wamarekani waliilazimisha kuanzia magari yao ya mwaka 1996 ili mifumo ya kuzuia moshi mchafu iweze kukaguliwa. Habari za ndizi hazikuwamo. Basi shemeji akaunganisha simu, akaizima kengele ya mkanda, na angeishia hapo nisingekuwa na safu wiki hii. Lakini orodha ya vitu vya kubadili ilikuwa ndefu, na likizo nayo ndefu. Akaamuru milango ijifunge yenyewe gari likianza kutembea. Akaamuru taa zibaki zikiwaka muda mrefu zaidi ukishatoka. Nikamuuliza, "Shem, unaandika pembeni ilivyokuwa mwanzo?" Akanijibu kwamba simu inakumbuka.

Haikukumbuka.

Sikukuu zikapita, mbege ikanyweka, gari limekaa tu. Siku ya kuliwasha injini ilikohoa ikashika kwa taabu, na dashibodi ikawaka taa zote: ya injini, ya breki za ABS, ya mifuko ya hewa, ya usukani. Hapo ndipo utaijua Kwa Sadala. Kabla hujafungua boneti vizuri, washauri wameshakuzunguka. Kijana wa bodaboda akasema kontroboksi imeungua. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha lori hadi Kongo akasema magari madogo ya Kijapani hayapendi baridi ya mlima, na kwamba hata yeye hayapendi. Wa tatu, mwenye simu kubwa kuliko ya shemeji, akasema futa hitilafu zote zilizorekodiwa.

Shemeji akazifuta bila kuzisoma. Hili ndilo linaloniuma hadi leo. Hitilafu zilizorekodiwa ndizo ushahidi. Kuzifuta kabla ya kuzinakili ni kama kumpandisha shahidi basi la kwenda Mtwara asubuhi ya kesi. Taa zilizimika, watu wakapiga makofi. Alipowasha tena zikarudi zote.

Ndipo ukaletwa uganga mkuu wa nchi hii: chomoa terminali ya betri, subiri, rudisha. Tukachomoa, tukasubiri, tukarudisha, tukabusti kwa Noah ya jirani. Taa za dashibodi zilipungua kweli. Lakini saa ilirudi saa moja kamili. Dirisha la dereva, lililokuwa likipanda lenyewe ukiligusa mara moja, sasa likataka kubembelezwa. Sailensa ikawa inapanda na kushuka, maana kompyuta ilikuwa imesahau injini ipewe hewa kiasi gani gari likiwa limesimama. Na redio ikajifunga, ikaomba namba ya siri kwa Kijapani. Ukidhani angalau tulipumzika na yule mama wa kadi, hapana. Mashine yake ni nyingine, aliendelea kudai.

Kwa upande wa redio, kusema kweli hasara haikuwa kubwa. Redio za magari ya Kijapani kwa kawaida zinaanzia 76 na nyingi zinaishia 90, ilhali za kwetu zinakaa kati ya 88 na 108. Alichokuwa akipata shemeji ni mahubiri na mikwaruzo.

Mwisho akaitwa fundi umeme kutoka Bomang'ombe, mtu mzima, hana maneno, ana mita tu. Akapima betri: 11.4. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma kama 12.6, ile ilikuwa imekwisha. Kisha akainama chini ya usukani akachomoa kile kidude, ambacho kilikuwa hapo tangu usiku wa ndizi. Tundu namba 16 la soketi ile hupokea umeme wa betri muda wote, ufunguo uwepo usiwepo. Kidude kilikuwa kinakunywa umeme siku zote tulipokuwa tunakunywa mbege. Umeme ukipungua, vifaa vya gari havisikilizani, kila kimoja kinamshitaki mwenzake. Hakuna kilichokuwa kimeungua.

Betri ikapelekwa kuchajiwa. Iliporudi, fundi akawasha, mita ikasoma zaidi ya 14, kumaanisha altaneta haina kosa. Dirisha alilipandisha hadi juu, akaishikilia swichi sekunde chache, likapona. Sailensa aliiacha ijifunze, injini ikiwa ya moto na kiyoyozi kimezimwa. Mipangilio ya simu aliirudisha mmoja mmoja, akijaribu gari kila baada ya mmoja, jambo ambalo lilimchosha shemeji vibaya. "Mangi," fundi akamwambia akipokea hela, "mimi ada ya shule ya Januari hulipiwa na simu zenu."

Redio bado imefungwa. Fundi wa Moshi mjini anataka hela ya kununulia mikungu mingi sana.

Nanyi mnaojiandaa kuja Pasaka, karibuni nyumbani. Kidude mkichomoe kabla ya kulala, mlichobadili mkiandike kwenye karatasi, na kama mkungu umekaa mbele, mama mkwe yuko nyuma. Muulizeni.