Yah: Soseji za Watahini

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili,

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Juzi nilipigiwa simu na idara kujulishwa kuwa tarehe yangu ya kutetea tasnifu imepatikana. Sikuulizwa kama slaidi ziko tayari, wala kama mtahini wa nje amemaliza kusoma. Niliulizwa vitafunwa nimeagiza kwa nani. Kisha nikakumbushwa, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba mmoja wa maprofesa hali kuku wa kisasa.

Nimezipekua kanuni za uzamili, mheshimiwa. Upana wa pambizo umo. Ukubwa wa herufi umo, rangi ya jalada imo, hata mahali pa kuandika mwaka kwenye mgongo wa tasnifu pamo. Soseji hazimo. Na bado kila aliyepita idarani amezinunua: kwenye andiko la utafiti, kwenye semina ya kitivo, kwenye taarifa ya maendeleo, na siku ya kudifendi ndiyo anaingia kuku. Anayecheleweshwa kuhitimu hulisha mara nyingi zaidi.

Wenzetu wa uhandisi nao wananunua, najua. Lakini wao hawakufundishwa sukari. Sisi wa lishe tulifundishwa na walewale watahini kwamba mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina gramu kama 37. Kila mtahini huwekewa yake, pamoja na ya akiba. Akishamaliza ya akiba, anakuuliza kwa nini sura ya tano haina mapendekezo ya kubadili tabia ya ulaji.

Kwa kuwa jambo hili halina dalili ya kukoma, naomba tulihalalishe kitaaluma. Kila tasnifu ya lishe iongezwe sura ya sita: Hali ya Lishe ya Watahini. Mwanafunzi aombe kwanza kibali cha maadili. Watahini wajaze fomu ya ridhaa, waelezwe kuwa wako huru kujitoa wakati wowote bila kupoteza haki yao ya maji ya kunywa. Wapimwe uzito bila viatu, kimo, na mzunguko wa kiuno. Kwa kiuno nitaomba utepe mrefu kidogo kuliko ule wa kupimia mikono ya watoto. Lifuate dodoso la ulaji wa saa 24 zilizopita: Profesa, jana tangu ulipoamka ulikula nini? Na baada ya hapo? Na kabla ya kulala, hukuongeza kitu? Aulizwe taratibu, kama tulivyofunzwa kuwauliza akina mama, bila mdodosaji kukunja uso hata ikitajwa kitimoto ya saa sita usiku. Tuhesabu na makundi ya vyakula. Kipimo chetu cha makundi 10 kilitengenezwa kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, ila sidhani kama yupo atakayekataa kuhesabiwa humo. Ndipo ipigwe bahati nasibu: jopo la kwanza lipewe kuku wa kienyeji, la pili karoti na mahindi ya kuchemsha, la tatu maji matupu, na anayechambua takwimu asijue nani kala nini. Tokeo kuu liwe aina ya marekebisho: madogo, makubwa, au kurudia kutetea. Nadharia tete tutakayoipima ni kwamba paja la kuku halina uhusiano wowote na marekebisho. Natamani sana iwe kweli.

Mengine ni madogo. Wasimamizi wajibu barua pepe kabla masika haijarudi. Ada ya mwaka wa ziada isitozwe kwa rasimu iliyolala mezani kwa msimamizi. Projekta ipatiwe waya.

Nirudi kwenye maadili. Data zangu nilikusanya Iringa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa nchi hii walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa, mkoa wenye mahindi ya kulisha na wengine, ni zaidi ya nusu. Kwenye andiko langu niliweka kwamba kila mama atakayeacha shamba asubuhi nzima ili nimpime mwanawe atapewa mche wa sabuni. Maoni ya kamati ya maadili yakarudi: sabuni ifutwe, inaweza kumshawishi mshiriki. Nikafuta. Akina mama wakaja bure, watoto mgongoni, wakajibu hapana kwenye nyama, hapana kwenye mayai, hapana kwenye maziwa.

Basi nieleweshwe. Mche wa sabuni unamshawishi mama asiye na maksi za kunipa, lakini kuku mzima, aliyenunuliwa na mtu anayesubiri maksi, hamshawishi anayezitoa? Sisemi watahini wanahongeka. Nasema hakuna anayeona haya. Watu wanaoandika makala kuhusu uhaba wa chakula kwenye kaya wanalishwa na mtu aliyetoa kodi ya chumba ili wale, na yanayobaki wanafungashiwa.

Samahani, mheshimiwa, nimepandisha sauti. Ni njaa.

Kwa upande wangu maandalizi yamekamilika. Siku hiyo kutakuwa na maji safi ya kunywa kwa wote, mtahini wa nje akiwemo. Na wewe uliye mwaka wa kwanza, ambaye nakala hii imekufikia: ukipigiwa simu ya vitafunwa, omba waraka wenye kumbukumbu namba, na usinunue hata andazi mpaka uletwe.

Wako katika ujenzi wa taifa lenye lishe bora,

Mwanafunzi wa uzamili, mwaka wa nne katika programu ya miaka miwili

Nakala: Mama lishe wa kantini, kwa taarifa na kusitisha oda.