Sifa za Ada ya Fuliza

Kenya ina wadai wa kila namna, na karibu kila mmoja ana heshima yake. Shailoki wa mtaani anaogopwa. Mwenye duka ana daftari lake, na mweka hazina wa chama ana ile sauti ya kusomea majina ya waliochelewa mbele ya wanachama wote. Ni ada ya Fuliza peke yake, ile inayohesabiwa kila siku mtu akishatumia M-Pesa kupita salio lake, ambayo haijapata mtu wa kuisifu. Huambulia matusi tu, tena kutoka kwa watu wanaoirudia kabla wiki haijaisha. Naona huu ni utovu wa shukrani. Ada hii ndiyo mdai mwenye adabu kuliko wote, maana anayeilipa ananunua kimya, na kimya hakijawahi kuwa bidhaa ya bei poa.

Zamani fadhila hii ilikuwa ya wateule. Mwaka 1728 mfanyabiashara wa Edinburgh aitwaye William Hogg aliruhusiwa na Royal Bank of Scotland kuchukua hadi pauni 1,000 zaidi ya alizokuwa nazo katika akaunti, na ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kupewa ruhusa hiyo. Baada yake zilipita karne ambazo mtu hakuweza kuipata bila kufahamiana na meneja. Fuliza ilipozinduliwa Januari 2019, kwa ushirikiano wa Safaricom na benki za KCB na CBA, ambayo sasa ni NCBA, mtu aliyepungukiwa shilingi 40 mbele ya mama mboga alifikia daraja la Hogg bila kuvaa tai wala kumwamkia mtu yeyote.

Hapo kwenye kuamkia ndipo penye uzito wa jambo. Mkopo wa ndugu hauna riba, lakini una maamkizi. Sharti uulize hali ya wazee, ya watoto, ya mifugo, ndipo ukohoe na kutaja shida yako; nawe ukishapewa, umejifunga kwa mkataba usio na tarehe ya mwisho. Shemeji aliyekukopesha mwaka juzi, ukamlipa, bado ana haki ya kuuliza mbele ya wageni kama biashara imechangamka. Kamati ya mazishi itakumbuka kwamba uliwahi kusaidiwa. Fuliza haikuulizi zile za juzi zilikwenda wapi. Hutuma ujumbe mmoja wenye tarakimu, ikanyamaza.

Watu wa hesabu watasema kimya hicho ni ghali, na sina haja ya kubishana nao, kwa sababu hesabu yao ni sahihi. Kwa viwango vya Oktoba 2022, mkopaji hukatwa kwanza asilimia 1 ya alichochukua. Deni lisilozidi shilingi 100 halina ada ya siku. Likifika 101 ada ni shilingi 3 kwa siku, kuanzia 501 ni shilingi 6, na yote mawili husamehewa siku tatu za mwanzo. Likivuka 1,000 msamaha unakwisha: shilingi 18, kisha 20, hadi tufike kwenye ngazi ya juu ambako mwenye deni la 2,501 na mwenye deni la 70,000 hulipa sawasawa, shilingi 25 kwa siku. Juu ya hayo kuna kodi, maana serikali nayo haipendi kuachwa nyuma kwenye jambo la heri. Sasa tuache kodi kando tuwaweke wawili kwenye mizani kwa siku 30. Aliyechukua 1,000 atalipa 10 za mwanzo na 162 za siku 27, jumla 172, yaani zaidi ya asilimia 17. Aliyechukua 70,000 atalipa 700 na 750, jumla 1,450, ambayo ni kama asilimia 2.

Mkosoaji ataona hapa maskini akimbebea tajiri gharama. Mimi naona muuzaji anayeijua bidhaa yake. Mwenye uwezo wa kukopeshwa 70,000 hana cha kuficha. Akipungukiwa huita jambo hilo mzunguko wa fedha na kulizungumza akinywa chai. Anayedaiwa 501 ndiye mwenye haja kubwa ya kufichiwa, na anayehitaji bidhaa zaidi hulipa zaidi. Nani amewahi kuona soko likienda kinyume cha hivyo?

Lipo lalamiko jingine: kwamba fedha yoyote inayoingia kwenye namba yako humezwa na deni kabla hujaigusa, hata iwe ni nauli uliyotumiwa na mtoto. Ni kweli. Lakini tazama matunda yake katika jamii. Mafundi na vibarua wamejifunza kuomba malipo yao yapelekwe kwa namba ya mke, au yaletwe mkononi, au yapitie mtandao mwingine. Mume ambaye hakuwahi kumwambia mkewe anacholipwa sasa humtumia yeye kama hazina. Vikao vingapi vya wazee vimeshindwa kuleta uwazi wa namna hiyo?

Wanaotaka mdai wa bei nafuu wanaelekezwa kwa Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kwa shilingi, hakuna ushindani. Ila mkopo huo una kipaza sauti: unahutubiwa majukwaani, na wasiolipa hujadiliwa redioni kama kabila jipya lililogunduliwa. Tena sharti uuombe mapema, kama mtu aliyejua atapungukiwa. Fuliza hukukuta kondakta ameshanyoosha mkono. Wamarekani nao wana benki ambazo kwa miaka mingi zilitoza kama dola 35 kwa kila malipo yaliyopita salio, hata yakiwa ya kikombe cha kahawa. Benki ya TCF iliposhtakiwa mwaka 2017 na ofisi ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, ilielezwa kwamba mkuu wake wa zamani aliipa mashua yake jina la Overdraft, yaani huko huko kupita salio. Huko ada ilijitangaza hadi majini. Yetu haina makuu hayo, na mashua, kama ipo, haijaandikwa jina.

Kwa hiyo siwaelewi wale wanaoipangia njama ada hii isiyo na kelele. Wapo wanaochukua 1,000 kamili wasiguse 1,001, wakijua shilingi hiyo moja huigeuza ada kutoka 6 hadi 18 na kuwapokonya siku zao tatu. Wapo wanaolipa siku ya tatu jioni, wakaachiwa ile asilimia 1 tu. Wapo hata wanaojitoa kabisa kwenye huduma, halafu malipo yakikataa mbele ya foleni wanacheka na kurudisha unga kwenye rafu, bila haya, watu wote wakiwatazama.