Sifa za Mpira wa Tyubu

Washairi wa pwani wamelisifu tanga, wamemsifu nahodha, wameusifu hata upepo usiojali kusifiwa. Mpira wa tyubu haujapata hata ubeti. Leo naulipia deni hilo.

Ukoo wake si wa kuchezea. John Boyd Dunlop, aliyepewa hataza ya mpira wa upepo mwaka 1888, alikuwa daktari wa mifugo. Basi msishangae kizazi chake kurithi uganga. Tyubu huanza maisha barabara ya Msimbazi, imevimba kwa majivuno, inabeba guta la magunia ya viazi kuelekea Sokoni Kariakoo, mpaka siku inapokutana na msumari. Fundi pancha huiziba, huiziba tena, mwisho huinua mkasi. Hapo ndipo anapozaliwa mheshimiwa wetu: utepe mweusi, unanuka, na hulipiwa kwa sarafu.

Kutoka Kariakoo hadi Feri si mbali, na ukifika huko utepe umeshakuwa baharia. Tuseme mashua imetoka Magogoni, kusi limeshika, na karibu na Bongoyo foromali inapasuka katikati. Wenye mashua za starehe hapo huita redio, wakaita na bima. Nahodha wetu huita, "Lete mpira!" Tanga hushushwa, upondo hukatwa kipande (wenyewe haukuulizwa), hulazwa juu ya ufa uwe gango, kisha mabaharia wawili huzungusha, mmoja akivuta mpaka mishipa ya shingo isimame. Kila mzunguko huubana uliotangulia. Nailoni ingeteleza, katani iliyofungwa mbichi ingelegea ikikauka. Mpira una kinyongo: umenyooshwa, unataka kurudi udogoni, na katika kurudi huko huukaba mti. Henza ikilika, mrengu wa ngalawa ukicheza, gofia iking'oka, daktari ni huyohuyo.

Mahasidi husema jua huukausha, ukapasuka, hauaminiki. Ni kweli, na ndiyo adabu yake: hufa polepole, kwa nyufa ndogondogo, ili kila mtu apate nafasi ya kutoziona. Foromali mpya inadai mti, fundi, fedha na kikao cha wenye chombo. Mpira hauitishi kikao. Ulifungwa "kwa muda, mpaka tufike nchi kavu," wakafika, wakashusha samaki, wakagawana, na tangu hapo Ramadhani mbili zimepita. Mwenye chombo akiulizwa, huupapasa kwa mapenzi: "Huu? Bado una nguvu."

Napendekeza wakaguzi wa vyombo, wakishahesabu majaketi ya kujiokolea, wahesabu na mipira. Mabaharia hawangoji sheria. Mpira huwekwa kivulini kule tezi, umeviringwa vizuri, pamoja na sukari ya chai. Majaketi huyakalia.