Ombi la Kupandishwa Cheo Kuwa Makinikia

Kwa Mamlaka Husika,
Popote ulipo.

Mheshimiwa. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua kuhusika ndiyo kazi yako, maana hata jina lako linasema hivyo.

Mimi ni mkazi wa Isaka, Shinyanga, mji wenye bandari usio na bahari. Bandari kavu, wameiita, na kweli ni kavu: ukitaka kuona wimbi, panda basi la Mwanza. Ila kontena nalifahamu. Lina namba ubavuni, lina lakiri mlangoni, lina karatasi zake, na likichelewa njiani kuelekea Kigali kuna mtu anapigiwa simu.

Mwezi uliopita nilikwenda Geita kumwona shangazi yangu anayeishi kisiwani. Mwaloni tukapakiwa na magunia ya mahindi, kreti za soda, godoro na mbuzi mmoja. Kondakta alihesabu nauli, watu hakuwahesabu. Nikauliza kama hatujajaa. Kijana akainama, akaweka kiganja kati ya maji na ukingo wa boti, akasema: "Bado vidole vinne, mzee." Waingereza nao waliteswa na jambo hilihili hadi mbunge wao Samuel Plimsoll alipopiga kelele bungeni, na sheria ya 1876 ikaagiza meli zichorwe alama ya mzigo ubavuni. Sisi tuna vidole.

Majaketi ya kuokolea maisha yalikuwepo, tusisingizie mtu. Yamefungwa kwa kamba ya manila, furushi moja, yasipotee. Nafasi ilikuwa finyu, nikavuka ziwa nimekalia usalama wangu.

Hapo ndipo wazo la kuomba cheo cha makinikia liliponijia. Machi 2017 Rais Magufuli alizuia makinikia, yaani mchanga wa madini, kusafirishwa nje, na makontena 277 yakakwama Dar es Salaam. Migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yalikotoka makinikia hayo, ni majirani zangu kabisa. Akaja Profesa Mruma na kamati yake, wakapima. Akaja Profesa Osoro na yake, wakapiga hesabu. Mama ntilie, bodaboda, watoto wa shule, wote wakaijua ile 277 kwa moyo.

Mwaka uliofuata, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Ilibeba wangapi? Hesabu tuliipata kwa kuopoa, miili ikapita 220. Na hicho kilikuwa kivuko cha Serikali, miaka 22 baada ya MV Bukoba kuzama. Bodi ya TEMESA, mwenye vivuko, ikavunjwa, ya SUMATRA, msimamizi wa usafiri, ikavunjwa, kisha SUMATRA yenyewe ikaondoka, na mambo ya majini sasa ni ya TASAC. Unajivua gamba haraka, Mheshimiwa, kiasi kwamba barua zetu hulikuta gamba.

Usinielewe vibaya, nchi kavu umejitahidi. Tangu 2017 sheria ya madini inamtaka mwenye mgodi akae na halmashauri kila mwaka, wakubaliane atairudishia nini jamii. Huku kwetu hiyo CSR inajulikana hata na wasiojua kirefu chake: ni darasa lenye jina la mgodi ukutani. Lakini sheria hiyo inamdai mwenye mgodi tu. Mwenye meli inayobeba mchanga, wakala anayegonga mihuri, na mwenye boti anayepokea nauli yangu hawatajwi humo. Uwajibikaji kwa jamii, nadhani, hauogelei.

Wenye magari umewajengea daraja la Kigongo–Busisi juu ya ziwa, kilomita tatu, limefunguliwa Juni 2025. Hongera. Kwa shangazi halifiki.

Kwa hiyo naomba nibandikwe namba ubavuni. Naomba nipimwe kabla ya safari, nipewe karatasi, na jina langu libaki nchi kavu hata mimi nikienda chini. Na ikibidi kuunda kamati ya maprofesa, iundwe nikiwa bado naelea.

Sikukuu narudi kwa shangazi. Nitakaa palepale, juu ya furushi.

Wako mtiifu,
Mzigo usio na karatasi,
Isaka.

Nakala: Kijana wa vidole vinne.